Stakabadhi ya Dhahabu: Kilwa Ndani ya Kasri la Lisbon

Katika mabishano kuhusu mali za Afrika zilizoko Ulaya, upande wa pili mara nyingi hujikinga kwa swali moja: ushahidi uko wapi? Huulizwa kitu kilitoka wapi hasa, kilichukuliwa na nani, kilinunuliwa au kiliporwa, na kama wenyeji waliridhia. Majibu hupatikana kwa shida, kwa kuwa karatasi zimepotea au hazikuandikwa kabisa. Lakini kipo kitu kimoja, kilichotengenezwa kwa dhahabu iliyotoka katika mwambao wetu, ambacho hakihitaji wakili wa kukisemea. Kinajisemea chenyewe, kwa maandishi yaliyouzunguka mguu wake tangu mwaka 1506. Kipo Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ndani ya kasri la kale lililo juu ya mto Tejo. Nilikwenda kukitazama nilipokuwa katika mji huo kwa shughuli za kitaaluma, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini wanafunzi wetu humaliza shahada ya historia bila kukisikia.

Makala haya yanahusu kitu hicho, kasri linalokihifadhi, na deni ambalo sisi wenyewe hatujaliandika katika daftari letu.

Kasri na mwenyewe

Lisbon ni mji wa vilima na bandari, mahali ambapo mto mpana hukutana na bahari ya Atlantiki. Mtu wa pwani akifika pale hapati ugeni mkubwa. Harufu ya chumvi, ndege wa baharini, vivuko vinavyopishana na watu wanaotazama maji kabla ya kutazama saa, vyote hivyo tunavijua. Tofauti ni kwamba mji huu ulijua mapema kugeuza maji kuwa mamlaka.

Kasri lililokuwa kubwa kuliko yote halipo tena. Mfalme Manuel wa Kwanza alilijenga kando ya mto mwanzoni mwa karne ya 16, jirani na ofisi iliyoitwa Casa da Índia, yaani Nyumba ya India. Ofisi hiyo ndiyo iliyosimamia biashara yote ya Bahari ya Hindi kwa niaba ya mfalme. Mtawala na ghala lake waliishi ukuta kwa ukuta. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi, likifuatwa na mawimbi ya bahari na moto, liliuangamiza mji huo, na kasri likatoweka pamoja na kumbukumbu nyingi za safari za Mashariki.

Jambo moja la siku hizo nataka msomaji alishike, kwa maana nitalirudia. Hifadhi kuu ya nyaraka za ufalme, iitwayo Torre do Tombo, ilikuwa katika mnara wa ngome ya mji, na mnara huo nao ulianguka. Mkuu wa hifadhi hiyo, Manuel da Maia, alikuwa mhandisi mwenye umri wa zaidi ya miaka 70. Nyaraka zilifukuliwa kutoka katika kifusi na kuwekwa kwenye kibanda cha mbao hadi zilipopatiwa jengo. Mji ulikuwa magofu, watu walikuwa wakilala nje, na bado walikuwapo waliofikiri juu ya karatasi.

Kasri nililolitembelea ni jingine, nalo limesimama hadi leo. Ni Kasri la Alvor, katika mtaa wa Janelas Verdes, ambalo tangu mwaka 1884 limekuwa Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya Francisco de Távora, Mkuu wa kwanza wa Alvor. Mtu huyo alipata kuwa gavana wa Angola, kisha kati ya mwaka 1681 na 1686 akawa mwakilishi wa mfalme huko India, makao yake yakiwa Goa. Katika lugha ya utawala wa Kireno, neno India halikumaanisha Bara Hindi peke yake. Dola ya India ilijumuisha pia vituo vya Afrika Mashariki, ikiwamo Mombasa na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuipoteza kwa Waomani mwaka 1698. Kwa hiyo mwenye kasri hili alikuwa, kwa miaka mitano, bwana wa sehemu ya mwambao wetu. Ni sadfa kwamba dhahabu ya Kilwa imeishia chini ya dari lake, lakini ni sadfa yenye adabu ya historia.

Kitu chenyewe

Kinaitwa Monstransi ya Belém. Kwa wasio Wakatoliki, monstransi ni chombo ambacho Ekaristi Takatifu huwekwa ndani yake ili waumini waione na kuiabudu. Hii ina kimo cha sentimita 73 na uzito wa zaidi ya kilo sita, ya dhahabu iliyopambwa kwa rangi za kioo kilichoyeyushwa. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka nafasi ya katikati, kila mmoja na uso wake. Juu yao yuko njiwa, na juu zaidi sura ya Mungu Baba kwa mujibu wa sanaa ya Kikristo. Shina lake lina tufe za anga, alama ya Mfalme Manuel, aliyependa kujionyesha kuwa mtawala wa bahari zote. Kwenye mguu kuna ndege, maua na konokono wadogo, kazi ya mkono usio na haraka. Wosia wa mfalme wa mwaka 1517 unamtaja sonara aliyeitengeneza kuwa ni Gil Vicente, na unaikabidhi kwa monasteri ya Belém, ile iliyojengwa kwa sehemu kutokana na ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki.

Ni kazi nzuri mno. Nalisema hili mapema ili asitokee wa kudhani kwamba hoja yangu inatokana na kutoijali sanaa au kutoiheshimu imani ya wengine. Uzuri wake ni wa kweli, na anayesimama mbele yake hana budi kunyamaza kidogo.

Kisha macho hushuka hadi mguuni, kwenye maandishi. Kwa Kireno cha kale yanasema kwamba mfalme mkuu na mwenye nguvu, Manuel wa Kwanza, aliagiza chombo hiki kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa, na kwamba kazi ilikamilika mwaka 1506. Jina la Kilwa limechorwa pale kwa tahajia yao. Neno walilolitumia kwa kodi ni la kodi ya utii, ile ambayo aliyeshindwa humlipa aliyemshinda. Sonara hakuona haya wala sababu ya kuficha. Wakati ule kumtoza mtu kodi ya utii kulikuwa fahari, na fahari huandikwa mahali pa kuonekana.

Ilivyopatikana

Maandishi yale ni mafupi, na hayakueleza ilivyokuwa. Tuyajazie.

Kilwa Kisiwani, mwishoni mwa karne ya 15, ulikuwa mji uliokwisha kupita kilele chake lakini bado wenye heshima. Kwa zaidi ya karne mbili ulikuwa umetawala njia ya dhahabu iliyotoka katika nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ikashuka hadi bandari ya Sofala, ikapanda na pepo hadi Kilwa, na kutoka hapo ikaenda Uarabuni, Uajemi na India. Ibn Battuta aliyefika mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kasri lake la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane, linaweza kuonekana hadi leo juu ya jabali la bahari. Mafia ilikuwa ndani ya dola hiyo. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba watawala wake wa mwanzo waliitiisha Mafia na kumweka huko mtoto wa mtawala. Sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa zimeokotwa Kisimani Mafia, upande wa magharibi wa kisiwa chetu.

Mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral alipita Kilwa akaondoka bila mkataba. Mwezi Julai 1502 Vasco da Gama alikuja katika safari yake ya pili, safari hii akiwa na kundi la merikebu zenye mizinga. Mtawala wakati huo alikuwa Amir Ibrahim, mtu mwenye nguvu lakini asiye wa ukoo wa kifalme, aliyeshika madaraka kwa njia ambayo wengi mjini hawakuikubali. Chini ya tishio la kuchomwa mji, Ibrahim alikubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka. Malipo ya mara hiyo yanatajwa kuwa mithqali 1,500 za dhahabu. Waandishi wa Kireno wanasimulia kwamba Ibrahim alimtoa tajiri mmoja wa mji, Muhammad Ankoni, kuwa dhamana, na kwamba mzigo wa kulipa ukamwangukia dhamana huyo. Ukiihesabu mithqali kuwa gramu nne na robo, utapata kilo sita na kidogo. Dhahabu hiyo ilifika Lisbon mwaka 1503.

Malipo yale hayakuinunua amani. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida, aliyekuwa akienda kuwa mwakilishi wa kwanza wa mfalme huko India, aliishusha askari wake Kilwa. Hans Mayr, aliyesafiri na kundi hilo, ameacha maelezo ambayo kila mwanafunzi wa historia ya pwani anapaswa kuyasoma. Anaeleza nyumba za mawe za ghorofa, bustani na miti ya matunda. Anaeleza pia jinsi mapadri walivyoteremka na msalaba hadi kwenye kasri, jinsi kiongozi wa jeshi alivyosali hapo, na jinsi watu wote walivyoanza, baada ya sala, kuupora mji. Wareno wakajenga ngome, wakamtawaza Muhammad Ankoni badala ya Ibrahim, na Ankoni mwenyewe akauawa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1506, huko Lisbon, sonara alikuwa anamalizia konokono wake wa dhahabu. Wareno wakaiacha Kilwa mwaka 1512, baada ya kuona kwamba biashara waliyoitaka wamekwisha kuiua kwa mikono yao.

Somo la kwanza hapa ni la siasa, na ni letu. Ibrahim alitekwa kirahisi kwa sababu hakuwa na mji nyuma yake. Ankoni aliinuliwa kirahisi kwa sababu alikuwa na kisasi moyoni. Mizinga ilikuwa ya Wareno, lakini ufa uliopitisha mizinga ulikuwa wa Kilwa. Ufa wa namna hiyo huzibwa nyumbani.

Swali lililoulizwa Miburani

Wakati wa likizo nilikuwa nyumbani, Miburani, na nikayasimulia haya barazani baada ya sala ya alasiri. Nilitarajia hasira. Mzee mmoja, mkulima wa minazi na mikorosho, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa utulivu:

"Mwalimu, hao wenyewe ndio walioandika kwamba ni kodi ya Kilwa?"

"Ndiyo, mzee wangu. Wameandika juu ya kitu chenyewe."

"Basi wao wana stakabadhi. Nakala yetu sisi iko wapi?"

Swali hilo lina uzito kuliko mengi niliyoyasikia katika kumbi za mikutano. Mkulima wa korosho wa pwani anaijua stakabadhi vizuri. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, anapeleka mzigo wake ghalani, unapimwa, anapewa karatasi, na malipo huja baadaye. Mtu akipoteza karatasi hana pa kusimama, hata kama kijiji kizima kilimwona akibeba magunia. Mzee alikuwa anasema kwamba katika biashara hii ya miaka mia tano, mwenye kumbukumbu ni yule aliyechukua, na aliyechukuliwa amebaki na maneno.

Tazameni orodha ya kumbukumbu zetu na mahali zilipo. Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 imetufikia kwa nakala iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ikafika kwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, nayo leo iko London. Toleo jingine la masimulizi hayo hayo liko ndani ya kitabu cha João de Barros, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552. Barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mnamo mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, katika zama za Malkia Fatima binti Muhammad, zimehifadhiwa Goa. Mtoto wa Kilwa anayetaka kumsoma malkia wake kwa lugha yake mwenyewe anapaswa kuomba viza ya India.

Kilichobaki mikononi mwetu bila kuomba ruhusa ni lugha, nayo ni daftari la aina yake. Meza tunayolia chakula, bendera tunayoipandisha, leso tunayojifungia na mvinyo tusioukubali misikitini, yote ni maneno ya Wareno. La kutafakari zaidi ni neno gereza. Kwa Kireno *igreja* ni kanisa. Babu zetu waliliona jengo ambalo mgeni alisali na pia alifungia watu, wakalichukua jina la sala wakalipa maana ya kufungia. Hakuna mwanahistoria aliyeufupisha utawala ule kwa neno moja kuliko wao. Jengo linaloitwa Gereza, lililojengwa upya zama za Waomani, bado limesimama ufukweni Kilwa Kisiwani.

Makasri yetu na adabu yake

Ni rahisi sasa kuhitimisha kwamba wao ni wezi na sisi tumeibiwa, tukaenda kulala. Lakini daftari la haki husomwa safu zote.

Kwanza, dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Iliondolewa ardhini na wachimbaji wa nyanda za juu za Zimbabwe, wanaume na wanawake ambao hawakutajwa na Mfalme Manuel wala na masultani wa Kilwa. Ushuru ndio uliojenga Husuni Kubwa. Tukisema leo kwamba Lisbon inadaiwa na Kilwa, mjukuu wa mchimbaji ana haki ya kusimama na kuuliza Kilwa ilimlipa babu yake nini.

Pili, ukarimu wa Sultani al-Hasan, ambao Ibn Battuta aliusifu, ulitokana kwa sehemu na ngawira ya mashambulizi dhidi ya watu wa bara. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza hivyo. Nyumba kubwa haijengwi kwa mawe matupu.

Tatu, sisi wa Mafia tunalo kasri letu, Kua, katika kisiwa cha Juani. Huko unakwenda kwa mashua, na maji yakipwa unangoja. Ni mji mzima wa mawe ya matumbawe: misikiti, makaburi, nyumba, na jengo la ghorofa linaloitwa kasri la mtawala. Masimulizi tuliyokua nayo yanasema kwamba watu wa Kisimani walipounda jahazi kubwa waliwakamata watoto wa Kua, wakalishua jahazi hilo juu ya miili yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka mingi, kisha wakawaalika wenzao harusini, wakawaketisha katika chumba cha chini, na wakaujenga ukuta mlangoni. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava kutoka Madagaska wakaja na mitumbwi yao, wakauvunja mji wa Kua na kuwachukua watu wake utumwani.

Siwezi kuthibitisha kila sehemu ya simulizi la jahazi na harusi, na pengine halikukusudiwa kuthibitishwa. Linachofundisha ni kwamba wazee wetu hawakuusimulia utukufu wa kasri bila kutaja kilichofukiwa chini yake. Waliutunza uovu wao wenyewe katika kumbukumbu, na kuwafundisha watoto. Hiyo ni adabu ambayo makasri mengi ya dunia hayajaifikia. Monstransi ya Belém inataja kodi lakini haimtaji Ibrahim, wala Ankoni, wala nyumba zilizoporwa mwaka 1505. Simulizi la Kua halina dhahabu hata chembe, lakini linawataja watoto.

Hata hivyo, simulizi huishi kifuani mwa mtu, na mtu hufa. Mizizi ya miti imeingia katika kuta za Kua na inazipasua taratibu. Kisimani bahari imekula sehemu kubwa ya mji, na kila msimu wa pepo unachukua kidogo. Wareno walilifukua karatasi lao chini ya mji ulioanguka kwa siku moja. Miji yetu inaanguka kwa miaka mia mbili, polepole, mchana kweupe, na hatujafukua kitu.

Tudai nini

Mjadala wa kurejesha mali za kale umeiva duniani. Ufaransa ilirejesha Benin vitu 26 vya kifalme mwaka 2021. Ujerumani ilikabidhi Nigeria sehemu ya shaba za Benin mwezi Desemba 2022, na mwaka 2023 rais wake alifika Songea kuomba radhi kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji. Mwezi Aprili 2024 Rais wa Ureno, Marcelo Rebelo de Sousa, alisema kwamba nchi yake inawajibika kwa maovu ya utumwa na ukoloni na kwamba gharama zake zinapaswa kulipwa. Siku chache baadaye serikali ya nchi hiyo ikasema haina mpango mahsusi wa jambo hilo. Mlango umefunguliwa na kurudishiwa kidogo. Ni wakati wa kujua tutasema nini tukibisha hodi.

Wapo wanaosema turudishiwe monstransi yenyewe. Sikubaliani nao. Ni chombo cha ibada cha watu wengine, kimefanyiwa kazi na mikono yao, na kukivunja ili kutoa dhahabu itakuwa ushenzi wa pili juu ya ule wa kwanza. Tena kukileta Kilwa bila kuwauliza warithi wa wachimbaji wa Zimbabwe kutakuwa kurithi kiburi cha masultani. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho kwa sura, na kikubwa kuliko hicho kwa maana: tupewe nakala yetu ya stakabadhi, na tujenge mahali pa kuiweka.

Mfano wa nguvu ya maandishi tunao hapa hapa. Fuvu la Chifu Mkwawa liliandikwa katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe. Kwa miaka 35 dai hilo lilionekana limekufa. Mwaka 1954 fuvu lililotambuliwa kuwa lake likarejeshwa Kalenga. Lilirejea kwa sababu kifungu kilikuwapo na mtu angeweza kukinyooshea kidole. Dai lililoandikwa husinzia, halifi.

Kwa watumishi wa umma wenye dhamana ya elimu, nyaraka na mambo ya kale, nina mapendekezo matatu. La kwanza, serikali iombe rasmi nakala za kidijitali za hati zote zinazohusu mwambao wetu zilizoko Torre do Tombo, Goa na London, ziwekwe wazi kwa kila mwanafunzi, huku tukisomesha vijana wachache Kireno cha kale na hati za Kiarabu ili wazisome bila mkalimani. Hili halihitaji Ureno ikiri kosa lolote. Linahitaji barua na bajeti. La pili, Monstransi ya Belém iingizwe katika mtaala wa historia, picha yake ikiwa ukurasa mmoja na picha ya Husuni Kubwa, na tuombe kwa njia ya kidiplomasia ionyeshwe huko iliko pamoja na majina ya Ibrahim, Ankoni na Sofala, kwa lugha ya Kiswahili miongoni mwa nyingine. La tatu, Kua na Kisimani zipimwe, zipigwe picha na kuchorewa ramani kabla hazijaisha, na masimulizi ya wazee wa Juani, Chole na Mafia yote yarekodiwe kwa sauti zao.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno moja. Hasira ni haki yenu, lakini haitoshi kuwa hoja. Mbele ya meza ya mazungumzo hataulizwa aliyeumia zaidi, ataulizwa aliyeandika. Anayetaka kuidai Lisbon na aanze na daftari na kalamu: aende kwa bibi yake, amwulize jina la mji wa kale ulio jirani, nani aliujenga, nani alibeba mawe, na nani alizikwa chini yake. Akirudi na majibu hayo yameandikwa, pamoja na yale yasiyopendeza, atakuwa amepata kurasa za kwanza za nakala ambayo mzee wa Miburani aliiulizia.